Mfereji na Njia ya Juu

Mtu mmoja alikuwa na mfereji ambao hakuuchimba yeye. Hakuuchimba baba yake, wala babu yake. Ulitoka kwenye banio la mawe, penye kukinga maji ya mto, huko msituni, karibu na kilele, ukaja ukiufuata ubavu wa mlima kwa mwendo wa saa mbili, ukavuka makorongo matatu, ukaingia kwenye ndiva, lile bwawa dogo la kuzuia maji usiku ili asubuhi yafunguliwe mashambani. Kutoka ndivani uliteremka kando ya ngazi za mawe za kale, ngazi baada ya ngazi, kila moja imebeba kishamba chake, mpaka shamba la mwisho. Hakuna aliyejua ulianza lini. Wazee wa wazee waliukuta tayari una majina.

Mtu huyo aliitwa Eliamani. Ukoo wake ndio uliokabidhiwa mfereji, na yeye ndiye aliyekabidhiwa ukoo. Hakuwa mtu mbaya. Nalisema hili mapema, ndugu zangu, kwa sababu nawajua mnavyopenda kumtafuta mbaya katika kila mfano ili mjiridhishe kwamba si ninyi.

Katika mlima ule palikuwa na desturi. Kila mwaka, kiangazi kilipoelekea ukingoni na kabla ya mvua za vuli, mbiu ilipigwa, na watu wazima wa ukoo, wake kwa waume, waliupita mfereji. Waliuanzia chini, kwenye shamba la mwisho, wakapanda nao hadi banioni. Waliupita ndani yake, si kando. Walikwenda pekupeku, maji yakiwa yamepunguzwa mpaka kwenye vifundo vya miguu. Na walisimama penye majina. Palikuwa na Penye Moto, ambapo wahenga waliukokea mwamba moto mchana kutwa kisha wakaumwagia maji baridi, mpaka ukapasuka na kuupisha mfereji. Palikuwa na Kwa Wahunzi, ambapo mavi ya chuma ya tanuri za kale bado yamelundikana, meusi, mazito mkononi kuliko yanavyoonekana. Na palikuwa na Kwa Mzazi. Hapo, walisema, mwanamke mmoja alishikwa na uchungu akiwa amebeba jiwe la ukuta. Alilitua, akaenda kando akajifungua, na siku ya saba akarudi, mtoto mgongoni, akaliweka lile jiwe mahali pake. Katika kila kituo mmoja alisimulia, na wengine waliitikia, "Tumepita."

Ukiwauliza kwa nini waende pekupeku, walikujibu kwamba ni heshima kwa wahenga. Walisema kweli. Lakini heshima ile ilikuwa na kazi yake. Fuko akichimba chini ya ukuta wa mfereji, jicho halioni kitu. Mguu mtupu ndio unaojua. Ukikanyaga jiwe lililotobolewa chini yake, unahisi linacheza. Unahisi tope laini mahali palipopaswa kuwa na udongo uliokaza. Basi aliyehisi aliinama, akachomeka jiwe, akasindilia udongo wa mfinyanzi kwa kisigino, akanyanyuka na kuwahi mwisho wa hadithi. Hakuna aliyeiita hiyo kazi. Jioni walirudi makwao wakisema wametoka kuwaamkia wazee.

Eliamani alijaliwa sauti. Baba yake alikuwa mtu wa maneno machache, aliyetaja jina la mahali na kuendelea na safari. Yeye aliposimulia, watu walisahau kwamba miguu imekufa ganzi kwa baridi. Habari zake zikaenea. Wana wa mlima waliokuwa wakiishi mijini wakaanza kuomba ruhusa makazini ili siku ile iwakute nyumbani. Wakaja na marafiki, na wakwe, na watu waliosikia tu. Waliposikia kwamba watu wa mlima huu, bila baruti na bila mashine, waliyapitisha maji mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa kusita, vifua viliwajaa. Na kwa nini visijae? Mimi mwenyewe sina damu ya ukoo ule, lakini nikiusimulia mfereji huo najikuta nimenyoosha mgongo.

Mwaka mmoja mgeni aliteleza. Alikuwa mama wa heshima zake, amevaa vizuri, amekuja kwa mara ya kwanza ukweni. Akaanguka kwa makalio ndani ya tope, mbele ya wakwe. Yeye mwenyewe alicheka. Eliamani hakucheka. Alijiona ameaibika, kwamba amewaita watu kwenye fahari ya wahenga wake na kuwarudisha na tope. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, lakini mgeni huyu anakuja kuumia. Akapiga mbiu ya msaragambo, ile kazi ya pamoja, na watu wakaja na majembe, wakachonga njia juu ya mfereji, kama hatua hamsini kuupanda mlima. Ikawa njia pana, kavu, imenyooka. Kingo zake wakazipanga mawe, wakayapaka chokaa. Kwenye kila kituo wakasimamisha kibao chenye jina, na penye kituo cha kwanza, kwa herufi kubwa, wakaandika: MWACHA ASILI NI MTUMWA.

Nami nitawatendea haki. Njia ile ilikuwa nzuri. Ukiwa ndani ya mfereji unaona kisogo cha aliyekutangulia na jiwe unalotaka kulikanyaga. Ukiwa juu uliiona kazi yote kwa mara moja: ngazi za mawe zikishuka mpaka bondeni, mstari wa maji ukizunguka tumbo la mlima bila kupanda wala kushuka ghafla, kama uliopigwa kwa kamba. Watu wazima walitokwa na machozi pale. Palikuwa hata na mahali, chini kidogo ya Kwa Mzazi, ambapo majani yalikuwa mabichi kiangazi chote, wakati mlima mzima umekauka. Wageni walipapiga picha. Walisema ni baraka ya yule mama.

Hakuna kikao kilichokaa na kuamua kwamba mfereji usipitwe tena. Msinitafutie siku ile, haipo. Mwaka wa kwanza wazee wawili watatu walishuka wakapita ndani, wakafika wamechelewa, hadithi zimekwisha. Mwaka wa pili hawakushuka. Mwaka wa tatu na wa nne watu wote walikwenda juu, wamevaa viatu, wakasikiliza, wakaitikia kwa sauti kubwa kuliko zamani, "Tumepita."

Shamba la mwisho lilikuwa la Nakiete, mjane wa mdogo wake Eliamani. Alipanda maharage, na kwenye unyevu wa chini alikuwa na magimbi ambayo watu waliyafuata kutoka vijiji vingine. Mwenye shamba la mwisho ndiye anayeujua mfereji, maana maji yakipungua popote, yanapungua kwake. Mwaka wa kwanza wa njia ya juu, zamu yake ilichelewa. Wa pili, ndiva ilianza kuamkia nusu. Wa nne, alipofungua lango lake asubuhi ya zamu, ulikuja mchanga uliolowana, na baada ya mchanga hakikuja kitu. Akang'oa magimbi yaliyonyauka kwa mkono wake mwenyewe. Kaka zake walioko mlima wa pili wakamletea ujumbe kwamba arudi, watamkatia kipande. Akawajibu kwamba atangoja vuli hii moja tu. Ndiva isipojaa atafunga mizigo, na shamba lile, lenye kuta zilizopangwa na watu ambao hata majina yao yamesahaulika, litarudi kuwa kichaka. Mumewe alikuwa amezikwa pale, penye ngazi ya juu. Alilia aliposema hivyo, na hakuficha.

Alikwenda kwa Eliamani mara tatu. Mara ya kwanza aliambiwa ni jua. Mara ya pili aliambiwa avumilie. Mara ya tatu Eliamani alikuwa amekwisha kupata jibu: watu wa kijiji cha juu, wanaokaa jirani na banio, wanayachepusha maji usiku. Walikuwa watu waliooana nao, waliozikana nao. Akawaitia kikao, kifanyike wiki moja baada ya siku ya kuupita mfereji, waje wajibu shitaka. Nakiete alimwomba kwanza auangalie ukuta. Eliamani alimtazama kwa mshangao wa kweli. Kila mwaka, mbele ya mamia ya watu, alisema kwa ile sauti yake kwamba ukuta ule haujashindwa na mvua ya mwaka wowote. Mtu anayesema neno kama hilo kila mwaka hawezi kulishuku mwezi unaofuata.

Naona mmoja wenu anatabasamu. Anataka kunikimbilia na methali ya ufa na ukuta. Ikae hapo hapo, ndugu yangu. Eliamani aliijua kuliko wewe, na aliwahi kuifundisha.

Siku ikafika. Mbiu ikalia, watu wakajaa kuliko mwaka wowote. Yule mama aliyeanguka topeni alikuwapo, sasa si mgeni tena. Eliamani alivaa koti lake la sherehe na kushika bakora ya baba yake. Watu wakaanza kuifuata njia ya mawe meupe. Ndipo walipomwona Nakiete. Alikuwa chini, peke yake, ndani ya mfereji, pekupeku, gauni amelifunga juu ya magoti, mgongoni ana mzigo wa majani ya sale, yale marefu tunayopanda mipakani. Wakamwita apande, kwamba njia iko huku. Akajibu kwamba yeye hakufundishwa njia nyingine. Wapo waliocheka. Eliamani alichomwa moyoni. Aliona shemeji yake amechagua siku hiyo, mbele ya wageni, kumvua nguo. Akapaza sauti zaidi, watu wamtazame yeye.

Wakaenda hivyo, wengi juu, mmoja chini. Juu walisimama Penye Moto wakasikia jinsi mwamba ulivyolia ulipopasuka. Chini Nakiete alikwenda polepole, anatanguliza vidole, anaegemeza uzito, anangoja. Pengine alipita hatua ishirini bila kusimama. Pengine alisimama, akaukandamiza mguu mara mbili, akachomoa jani moja la sale na kulisimika ukingoni. Juu walifika Kwa Wahunzi, wakashikana vipande vya mavi ya chuma, wakastaajabia uzito wake. Chini alisimika majani matatu karibu karibu. Baadhi ya watu waliacha kumsikiliza Eliamani wakawa wanayahesabu, kisha wakajirudi kwa aibu.

Kwa Mzazi ndipo Eliamani alipopapenda kuliko pote. Aliwangoja watu wote wafike. Alisimulia jinsi mwanamke yule alivyoona haya kuacha pengo ukutani kuliko alivyoogopa uchungu. Alisimulia siku ya saba, na mtoto mgongoni. Wanawake walikuwa wanafuta macho. Kisha akanyoosha bakora kuelekea chini, akasema kwamba jiwe aliloliweka mama yule halijatikisika mpaka leo. Macho ya watu wote yakaifuata bakora. Na mwisho wa bakora alikuwapo Nakiete, amezama kwenye tope mpaka mapajani, mkono mmoja ameushikilia ukuta asidondokee korongoni. Hakupiga kelele. Lakini mlima ulikuwa kimya, na kila mtu alimsikia.

"Shemeji," alisema, "hapa unapopasifu panavuja."

Sasa waliweza kuliona lile doa la majani mabichi walilolipiga picha miaka minne, na wakaona jinsi lilivyoanzia chini ya ukuta na kuteremka mpaka korongoni. Yalikuwa ni maji ya Nakiete. Yalikuwa yanaondokea hapo, mbele ya macho yao, na wao wakiyaita baraka.

Eliamani angeweza kusema mengi. Alikuwa na ulimi wa kuyasema. Aliangalia nyuma, akaufuata mfereji kwa macho kutoka kule walikotoka, akaona jani la sale, na jingine, na jingine. Akaketi juu ya jiwe mojawapo la chokaa, akavua viatu, akavua koti, akateremka. Hakukuwa na njia ya kuteremkia, kwa hiyo alishuka kwa makalio kama yule mgeni wa mwaka ule, na safari hii hakuna aliyecheka.

Akapiga magoti kando ya shemeji yake, wakalishika lile jiwe pamoja. Halikuwa gumu kutoka. Lilikuwa limebaki kusimama kwa mazoea. Eliamani akaingiza mkono ndani ya ukuta mpaka begani, akawa anachota na kutazama, na hapo ndipo alipokutana na kitu ambacho hakuwahi kukisimulia. Nyuma ya jiwe lile palikuwa na mawe madogo yamechomekwa kwa upande, kama kabari, na udongo mwekundu ambao haupatikani upande huo wa mlima. Mtu fulani aliubeba kutoka mbali. Nyuma ya udongo mwekundu palikuwa na ukuta mwingine mwembamba, umezibwa kwa vipande vya mavi ya chuma. Nyuma ya huo palikuwa na vigae vya chungu, na mfinyanzi wa kijivu, na juu ya mfinyanzi ule, imekauka tangu nani ajuaye lini, alama ya kisigino. Akaipima kwa vidole. Kilikuwa kisigino cha mtu mdogo wa mwili, pengine mwanamke, pengine mzee aliyekwisha kunywea. Zaidi ya hapo mkono wake haukufika.

Hakuutoa mkono ukutani. Miaka ishirini alikuwa amewaambia watu habari za mwanamke mmoja na jiwe moja. Jiwe la mama yule, kama lilikuwapo, lilikuwa huko ndani kabisa, na halikutikisika kwa sababu kila kizazi kilichopita pale kililihisi, kikainama, kikaongeza chake. Mfereji wote ulikuwa viraka. Hapakuwa na pima moja ya ukuta ule iliyokuwa kama alivyoiacha mchimbaji wa kwanza. Na msidhani kwamba fahari ya Eliamani ilipungua kwa kulijua hilo. Iliongezeka mpaka ikamtoa machozi. Alikuwa akijivunia watu wachache hodari wa zamani sana. Sasa aliwaona watu wake wote, wasio na sauti wala jina, wamejipanga mmoja nyuma ya mwingine ndani ya ukuta, mpaka kwa baba yake yule wa maneno machache. Kisha aliona mahali mstari ulipokatika. Palikuwa ni kwake.

Akamwomba shemeji yake radhi, hapo hapo, mbele ya wote, kwa sauti isiyokuwa ya hadithi. Nakiete akampa jiwe.

Wa kwanza kuvua viatu juu kule alikuwa yule mama aliyewahi kuanguka. Wakafuata wengine. Watu waliokuja na mashati yaliyopigwa pasi walijipanga mlimani wakapokezana mawe kutoka mkono hadi mkono, na mawe ya karibu yalipokwisha walichukua yale ya chokaa. Waliokuwa wameomba ruhusa ya siku moja makazini walibaki siku tatu. Eliamani alipanda peke yake kijiji cha juu kuwaambia kwamba shitaka halipo, na kwamba ameaibika kwa kuwadhania. Walimkaribisha chakula. Kesho yake wakaja na majembe yao, wakamsaidia kulikaza banio.

Asubuhi ya siku ya nne ndiva iliamka imejaa hadi mdomoni. Zamu ya kwanza, kwa kauli ya wote, wakampa mwenye shamba la mwisho, jambo ambalo halijawahi kutokea mlimani pale. Nakiete akafungua lango. Maji yakaja na majani makavu mbele yake, na povu, na ile sauti ya maji yanayoijua njia. Akasimama ndani yake mpaka shamba likalowa lote, kisha akatuma ujumbe kwa kaka zake wasimkatie kipande. Wiki ile ile akapanda magimbi.

Leo ukienda mlima ule utaikuta njia ya juu. Hawakuibomoa. Wageni hupandishwa kwanza huko, waione kazi ilivyo kubwa, wajae vifua, na mimi nasema wajae. Kisha huambiwa wavue viatu. Na Eliamani, akifika Kwa Mzazi, husimulia kama zamani, lakini husimulia akiwa amesimama majini, na hadithi yake sasa ni ndefu zaidi, maana baada ya mama yule huwataja wasiojulikana, halafu humtaja Nakiete.

Basi ninyi mnaosema kwa kifua kipana kwamba ni wana wa watu waliopasua mwamba kwa moto, nawauliza jambo moja tu: siku mjukuu wako atakapolitoa jiwe na kuingiza mkono ndani ya ukuta, ataukuta mkono wako?